Nusu ya Nani? Kuufumbua Ubishi wa "Hamsini kwa Hamsini" Kati ya Mume na Mke

Mkoani Kigoma, kama ilivyo kwingineko nchini Tanzania, ubishi kuhusu mume na mke siku hizi hauchukui muda kufika kwenye mali. Huanza na swali la kawaida, kwa mfano nani alipe ada ya mtoto au kodi ya chumba pale Gungu, na kabla kahawa haijapoa kwenye baraza za Ujiji wazungumzaji wamekwisha kufika mahakamani. Mmoja anasema sheria imempa mwanamke nusu ya kila kitu. Mwingine anasema mwanamke asiye na risiti hana chake. Wa tatu anaapa kwamba ukikaa na binti wa watu miezi sita amekuwa mkeo, hata kama hamjafika kwa wazazi. Kila mmoja anazungumza kwa uhakika, na karibu wote wamekosea, baadhi yao kwa kiasi cha kuwagharimu nyumba.

Makosa haya hayabaki barazani, na ndiyo sababu yanastahili kufafanuliwa kwa uangalifu. Mwanamke aliyeaminishwa kwamba hana haki huondoka na begi la nguo baada ya miaka kumi na tano ya kazi. Mwanamume aliyeaminishwa kwamba ndoa ni mtego hujenga nyumba kwa jina la kaka yake, na siku kaka akifariki nyumba ile huingia katika mirathi ya shemeji na watoto wa shemeji, naye akabaki kuhangaika kutafuta mashahidi wa jasho lake mwenyewe. Hofu zote mbili zinatokana na sheria ileile ambayo wengi wameisikia na wachache wameisoma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliandikwa kwa Kiingereza, huku watu inaowahusu wakioana, wakiishi na kugombana kwa Kiswahili, Kiha na Kinyamwezi. Ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Katika miaka hamsini iliyopita kati ya hapo, maneno ya mitaani yalipata nafasi kubwa ya kukaa mahali pa vifungu.

Tuanze na maana, kwa sababu ubishi mwingi huzaliwa pale watu wawili wanapotumia neno moja kwa mambo mawili. Matunzo ni mahitaji ya kila siku: chakula, mavazi, malazi na matibabu. Mali binafsi ni ile ambayo mume au mke anaimiliki peke yake, kama shamba alilorithi kwa baba yake. Mali ya ndoa, ambayo mahakimu wetu hupenda kuiita mali iliyochumwa kwa pamoja, ni ile iliyopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za wote wawili. Mgawanyo ni kazi ya mahakama ya kuigawa mali hiyo ya ndoa baada ya kutoa amri ya talaka au ya kutengana. Mirathi ni habari nyingine kabisa, maana hiyo huja mmoja anapofariki. Mtu anayesema "hamsini kwa hamsini" bila kueleza kama anazungumzia matunzo, umiliki, mgawanyo au mirathi bado hajasema kitu kinachoweza kukubaliwa au kukataliwa.

Kwenye matunzo, sheria haisemi hamsini kwa hamsini hata kidogo. Inasema mume ana wajibu wa kumpatia mke wake au wake zake makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake na hali yake ya maisha. Mke naye anapewa wajibu wa namna hiyo pale tu ambapo mume ameshindwa kujitafutia kwa sababu ya maradhi au majeraha ya mwili au akili, na mke huyo ana uwezo. Kwa hiyo mwanamume anayemwambia mkewe kwamba usawa wa kisheria unamtaka alipe nusu ya kodi hana kifungu cha kushika. Vilevile, anayedai kwamba sheria ya ndoa imeshawaweka wanaume na wanawake sawa katika kila jambo hajakifikia kifungu hiki, ambacho kimeandikwa kwa mtazamo wa wakati wake: mwanamume mletaji, mwanamke mpokeaji.

Maisha ya mwambao wa Ziwa Tanganyika hayajawahi kukaa ndani ya mstari huo. Mwaka 2024 Serikali ilipumzisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa miezi mitatu mvuvi wa Kibirizi au Katonga hakuwa na kazi ya usiku, na nyumba isiyokuwa na akiba ilibidi itazame kile ambacho mke anauza, yawe mawese, unga wa muhogo, mitumba au sabuni. Je, mume huyo alivunja sheria? La. Wajibu wake unapimwa kwa uwezo wake, na uwezo wake ulikuwa umefungwa pamoja na ziwa. Je, mke aliyelisha nyumba miezi hiyo alifanya kosa la kuvaa suruali ya mumewe, kama wasemavyo wenye kejeli? La hasha. Kifungu hakimkatazi mke kuchangia wala hakimwaibishi mume anayesaidiwa. Kinaeleza tu ni nani atakayeulizwa na mahakama iwapo watoto wamelala njaa wakati fedha ipo. Naona kifungu hicho kimechakaa na kinahitaji kuandikwa upya kwa namna inayotambua kwamba wanawake wa mkoa huu hawajawahi kuwa wapokeaji tu, lakini kwa leo ndicho kilichopo, na ni vyema kila mmoja akijue kilivyo badala ya kukivuta upande wake.

Hapohapo nitaje jambo ambalo huchomekwa kwenye mazungumzo ya "kichwa cha nyumba". Sheria hiyo ya mwaka 1971 inatamka wazi kwamba, hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Wajibu wa kulisha haukuja na ruhusa ya kupiga.

Sasa umiliki wakati ndoa ingali hai. Kanuni yenyewe ni fupi: kuoana hakubadilishi umiliki wa mali. Ng'ombe wako wanabaki wako, shamba lake linabaki lake, na kila mmoja anaweza kununua, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Mali ikinunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni ya aliyeandikwa mpaka ushahidi uoneshe vingine. Ikiandikwa majina ya wote, inachukuliwa kwamba wana haki sawa. Ziko nyumba ambazo kanuni hii haiziachi huru, nazo ni zile wanamoishi wanandoa wenyewe. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani, kupangishwa wala kutolewa zawadi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Hii ndiyo sababu benki humwita mke au mume kuja kuweka saini kabla ya kutoa mkopo. Ni pia sababu ya kuogopa mikopo ya haraka ya mitaani, ile ya kausha damu, ambayo mtoaji wake haulizi ridhaa ya mtu na huchukua karatasi yoyote atakayopewa.

Tufike kwenye mgawanyo, maana hapa ndipo penye moto.

Kifungu kinachozungumziwa, kwa namba yake iliyozoeleka, ni cha 114. Kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja, na kinaitaka izingatie mila za jamii ya wanandoa, kiasi cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyapima hayo, mahakama inaelekezwa iegemee upande wa usawa. Msomaji aliangalie kwa makini neno hilo la kuegemea, kwa sababu usemi wa "nusu kwa nusu" umechipuka hapo. Sheria haikusema kila mmoja apewe nusu. Imesema hakimu apime kwanza, na anapopima aelekee kwenye usawa, si kwenye desturi ya kumwachia mmoja vyote. Kwa hiyo nusu inawezekana, na theluthi inawezekana, na pungufu ya hapo inawezekana pia. Mahakama zetu zimewahi kutoa mafungu yote hayo kulingana na ushahidi uliokuwa mezani.

Kwa muda mrefu swali gumu lilikuwa hili: mwanamke aliyekaa nyumbani akapika, akafua, akalea na kuuguza, amechangia nini katika nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mume? Baadhi ya majaji walijibu kwamba hakuchangia kitu, kwa kuwa kazi hizo ni wajibu wa mke. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ililimaliza swali hilo kwa kuamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaohesabika katika kuchuma mali ya ndoa. Uamuzi huo umebaki kuwa nguzo hadi leo.

Wavuvi wa dagaa wanaielewa hoja hii kuliko wanasheria wengi, kwa sababu wanaiishi kila wanapouza walichopata. Fedha ikija, kwanza hutolewa gharama za mafuta na za taa, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na vijana waliokesha majini. Mwenye chombo huenda alilala kitandani usiku kucha, lakini hakuna anayemwambia kwamba hakuvua. Kijana aliyevuta nyavu hana hata ubao mmoja kwenye chombo kile, na hakuna anayemwambia kwamba hana chake. Kila mtu anajua kwamba mafungu hayalingani na kwamba hakuna asiyestahili fungu. Mahakama inapogawa mali ya ndoa hufanya jambo la namna hiyohiyo: inatoa deni la pamoja, inatazama nani alileta nini, kisha inagawa.

Ajabu ni kwamba wengi wanaoutaja uamuzi wa 1983 hawajui ulivyoishia. Bi Hawa alishinda hoja na akakosa mali. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha nyingi kwa ajili ya mradi, naye akazitapanya, hivyo ikahesabu kwamba sehemu yake alikwisha kuipata na kuitumia. Wapo wanaouona mwisho huo kuwa wa kikatili, na mimi nadhani ulikuwa mgumu mno kwa mwanamke ambaye kazi yake ya miaka ilikuwa imetambuliwa dakika chache kabla. Hata hivyo unaonesha jambo ambalo wanaume wenye hofu hawalisikii: mahakama haimtazami mke kama mtu wa kugawiwa kwa huruma. Inamtazama kama mshirika, na mshirika anayefuja huulizwa.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone mizani inavyofanya kazi. Mume alinunua kiwanja Mwandiga na kumwaga msingi kabla hajaoa. Alipooa, yeye aliendelea na uvuvi, na mke akaingia katika dagaa wabichi. Anayejua kazi hiyo anajua ilivyo: kuwahi mwaloni, pale vyombo vinapoteremsha samaki, kabla ya alfajiri ili kununua wakati bei haijapanda, kubeba ndoo, kuanika juu ya vichanja kabla jua halijawa kali, kugeuza, kutoa mchanga na majani, kutazama mawingu upande wa Kongo, na kukimbia kuanua mvua inapovuka ziwa, maana dagaa walioloa hupoteza rangi na mnunuzi wa kwenda Dar es Salaam hawagusi. Faida yake ililisha nyumba, na mara mbili tatu ilinunua saruji na bati. Fedha ya mume, kwa kuwa haikulazimika kwenda sokoni kila siku, ilipandisha ukuta. Hati ya kiwanja ina jina la mume peke yake.

Ndoa ikivunjika, anayetegemea hati atasema nyumba ni ya mume. Sheria inasema mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa huingia katika mgawanyo ikiwa wakati wa ndoa iliboreshwa kwa kiasi kikubwa na yule mwingine au na wote kwa pamoja. Msingi uliosimama peke yake umegeuka nyumba, na aliyeugeuza si mtu mmoja. Lakini usikimbilie kusema basi apewe nusu. Hakimu atataka kujua kiwanja kilinunuliwa kwa shilingi ngapi na na nani, saruji ilitoka wapi, nani alikuwa akilipa mafundi, nani alikuwa akilisha watoto wakati huo, na kama kuna mkopo wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ambao haujarudishwa. Mahakama ya Rufani imesisitiza katika mashauri ya baadaye kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Haki ya kuhesabiwa ipo kwa wote. Ukubwa wa fungu unategemea kilichothibitishwa.

Mkoa wa jirani, Tabora, jambo hilihili lina sura ya tumbaku. Huko Urambo na Kaliua mkulima huuza kupitia chama chake cha msingi, uanachama huandikwa kwa jina moja, ambalo mara nyingi ni la mume, na malipo huingia katika akaunti yenye jina hilohilo. Ukitazama makaratasi tu utadhani mtu mmoja alilima. Ukifika kwenye vitalu wakati wa kumwagilia miche, au kwenye bani wakati wa kukausha, ambako moto hautakiwi kuzimika wala kuzidi kwa siku kadhaa mfululizo, utamkuta mke na mara nyingine mke wa pili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliona mazingira ya namna hii: mwenzi ambaye kwa nguvu zake amechangia uzalishaji, utunzaji au uendelezaji wa ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwenzake anahesabiwa kuwa amepata haki katika ardhi hiyo. Kinachopimwa ni jembe aliloshika, na jina la kwenye karatasi halitoshi kulifuta.

Mpaka hapa baadhi ya wanaume watakuwa wamenuna, kwa hiyo nigeukie msemo unaowaudhi zaidi, nao wana sababu ya kuudhika: "chake chetu, changu changu." Wapo wanawake wanaoamini kwamba mshahara wa mume ni wa familia na kipato cha mke ni cha mke, na kwamba hivyo ndivyo sheria ilivyo. Sivyo. Kifungu cha mgawanyo hakitaji mwanamke wala mwanamume kinapozungumzia mchango. Duka lililofunguliwa na mke wakati wa ndoa kwa mtaji uliotoka kwa mume, au wakati mume akibeba gharama zote za nyumba, linaweza kuingia kwenye mizani sawasawa na nyumba ya mume iliyojengwa wakati mke akibeba jiko. Mwanamume aliyepoteza kazi akabaki kulea watoto huku mkewe mwalimu au muuguzi akijenga, naye anaweza kusimama mbele ya hakimu na kusema kazi yangu ya nyumbani ihesabiwe. Kama tunataka uamuzi wa 1983 uheshimiwe, basi uheshimiwe pia anayeutumia akiwa na ndevu.

Kwa Waislamu, ambao Ujiji na Kigoma mjini ni wengi, kuna hoja inayostahili kusikilizwa kwa adabu: kwamba mafundisho yao yanamwachia mke mali yake na kumtwika mume matunzo yote ya nyumba, hivyo "changu changu" haitokani na uchoyo bali na mafundisho. Ni kweli kwamba hayo ndiyo mafundisho, na wanandoa wanaweza kuishi kwayo kwa maridhiano maisha yao yote bila kuulizwa na mtu. Lakini wakifika mahakamani kwa jambo ambalo Sheria ya Ndoa imelitungia kanuni, mahakama hufuata sheria hiyo kwa dini zote na kwa makabila yote. Ndivyo ilivyo pia kwa talaka yenyewe. Mume Mwislamu aliyetamka talaka tatu hajamaliza kazi kwa upande wa serikali. Suala hupitia baraza la usuluhishi, na baraza likithibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, talaka inayotolewa baada ya hapo ndiyo mahakama huichukua kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika na ndipo hutoa amri. Bila amri hiyo hakuna mgawanyo wa kudai.

Uzushi ulioenea kuliko mwingine wowote ni ule wa miezi sita. Sijui kijana wa Kigoma ambaye hajawahi kuusikia, na nimesikia watu wazima wakiutumia kumtoa binti chumbani mwezi wa tano ili "sheria isimkute". Hakuna miezi sita katika sheria. Kuna miaka miwili au zaidi, na muda peke yake hautoshi. Ni lazima ithibitike kwamba mwanamume na mwanamke waliishi pamoja kwa muda huo katika mazingira yaliyowafanya majirani na ndugu wawajue kuwa ni mume na mke. Hayo yakithibitika, mahakama hudhania kwamba walioana kihalali, na dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi, kwa mfano ikioneshwa kwamba mmoja wao alikuwa na ndoa nyingine isiyoruhusu ya pili. Kwa maneno mengine, "sogea tukae" haigeuki ndoa kwa kalenda.

Sehemu ya pili ya kifungu hicho haizungumzwi barazani, na kwangu ndiyo yenye utu zaidi. Hata pale dhana ya ndoa ilipovunjwa, mwanamke aliyeishi na mwanamume kama mkewe kwa miaka miwili au zaidi anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto waliozaliwa katika maisha hayo, na mahakama ina uwezo wa kutoa nafuu nyingine, ikiwamo malezi ya watoto. Anayemfukuza mwenzake kwa kusema "hatukufunga ndoa, nenda" atakuta kwamba mlango wa mahakama haukufungwa kwa maneno hayo.

Mahari nayo huchanganywa humu. Wapo wanaosema ndoa ambayo mahari yake haijakamilika si ndoa, hivyo mke hana la kudai. Wapo wanaosema aliyetoa mahari kamili amemaliza deni lote na mali iliyochumwa ni yake. Yote mawili hayamo katika sheria. Ndoa iliyotimiza masharti ya kisheria ni halali hata kama taratibu za mahari hazikufuatwa, na mahari si bei ya kazi ambayo mke ataifanya kwa miaka inayofuata.

Kuhusu kifo nitakuwa mfupi ingawa maumivu yake ni marefu. Mgawanyo wa mali ya ndoa unahusu watu wawili walio hai. Mmoja akifariki inaingia mirathi, na hapo Tanzania haina sheria moja. Mwislamu aliyeishi Kiislamu hurithiwa kwa sheria ya Kiislamu, ambamo mjane hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, mume akiwa ameacha mtoto, na robo akiwa hakuacha. Anayefuata mila hurithiwa kwa kanuni za kimila zilizoandikwa mwaka 1963, ambazo kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba zinambana mjane sana. Wapo pia wanaorithiwa kwa sheria ya kiserikali yenye mafungu yake. Mjane anayekwenda kwenye kikao cha ukoo Kasulu au Kibondo akisema "sheria inanipa nusu" ataangushwa na mtu yeyote anayejua tofauti hii, na ataangushwa akiwa na machungu ya msiba. Hoja iliyo imara zaidi kwake ni kwamba kabla ya kugawa mali za marehemu ni lazima ijulikane ipi ilikuwa ya marehemu na ipi ilikuwa yake yeye mjane, kwa jina, kwa fedha au kwa kazi. Kanuni za mwaka 1963 zimepitwa na wakati, zinawaumiza wanawake na watoto wao, na zimesubiri mabadiliko kwa muda mrefu kupita kiasi.

Anayetaka kudai mgawanyo ana njia inayojulikana. Isipokuwa katika mazingira machache, hawezi kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata au la jumuiya ya dini kama BAKWATA, na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kisha shauri linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako halihitaji wakili wa gharama kubwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua pia wasaidizi wa kisheria, ambao hawatozi ada kwa asiye na uwezo. Aende na anachoweza kuonesha: daftari la kikoba, ujumbe wa simu wa kutuma fedha za saruji, fundi aliyelipwa, jirani aliyemwona akianika dagaa miaka yote hiyo.

Kwa wale ambao ndoa zao ziko salama, na ndio wengi, hatua ya maana ni kuandika mapema. Hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa kijijini chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaweza kubeba majina ya mume na mke. Shamba la michikichi lililopandwa upya kwa mbegu bora ya Tenera kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Kihinga huzaa kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika muda huo mengi hutokea ndani ya nyumba yoyote. Kijiji kinapopimwa, wanandoa waende ofisini wote wawili, kila mmoja na kitambulisho chake, na wasitoke kabla hawajaona majina yao yote mawili yameandikwa.